Mpima Maji wa Gongoni

Kazi yangu ni kijiti.
Kina alama nyekundu kila upana wa vidole vinne.
Alfajiri hukichomeka katika bwawa la chumvi,
nikaandika daftarini: maji yamefika hapa.
Bwana Yeri, msimamizi, hataki maneno mengine.
Maji yakipungua, yeye hucheka.

Mwaka wa tatu sasa kisima cha mama kimeingia chumvi.
Kilianza na chai. Alidhani Mbodze amekosea kopo,
akamgombeza mtoto wa watu mpaka akalia.
Kisha maharage yakakataa kuiva.
Kisha minazi ikaangusha vidaka,
tukaviokota kama meno.

Akaja mwinjilisti Ngumbao, suti ina vumbi hadi magotini,
akatuambia hii ni hukumu:
Mungu akikasirika, huitia nchi chumvi
kama mtu atiavyo kidonda.
Tukainamisha vichwa, kila mmoja akaitafuta dhambi yake.
Mama aliipata ya mwaka wa njaa,
kibaba cha mahindi ya matanga alichoficha chini ya leso.
Mimi nilipata nyingi, nikachagua ndogo.
Hakuna aliyetaja ukuta wa bwawa.
Hakuna aliyetaja pampu ingurumayo usiku,
wala karatasi iliyotiwa saini mjini Malindi
na watu ambao tope la Gongoni halijawahi kuwachafua viatu.

Na mkono uliopima ulikuwa wangu.
Hilo sikulisema.

Usiku nikamsoma nabii yule wa uhamishoni,
aliyeketi ukingoni mwa mto usio wa kwao.
Nilitarajia moto. Upo, tena mwingi.
Lakini haukuanzia visimani mwa wajane:
uliwaendea wachungaji walionona,
kondoo wenye mbavu nene waliokunywa maji safi
kisha wakayavuruga kwa kwato yale ya wenzao.
Nikakitazama kijiti changu pale mlangoni.
Kilikuwa na tope mpaka alama ya pili.

Sikulala. Nikafunua hadi mwishoni,
na huko, niamini, nikamkuta mtu mwenye kamba mkononi
akipima maji!
Yanachuruzika chini ya kizingiti cha hekalu, kidogo tu,
maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Anapima: kifundo.
Anapima: goti.
Anapima: kiuno.
Kisha anaacha kupima, maana mto haupitiki tena kwa miguu,
nao unashuka kwenye bahari iliyokufa
na samaki wanarudi.
Kazi moja, mimi naye.
Ila yake huhesabiwa yakipanda.

Pana neno moja lilinikaba, nikalirudia mara tatu:
vinamasi havitapona. Vitaachiwa chumvi yao.
Hata siku ile ya uponyaji?
Nikamwuliza mama kulipokucha kama sisi ndio tulioachwa.
Alikuwa akikoroga uji.
"Uji usio na chumvi waula wewe?" akasema.
"Amebakiza pa chumvi. Hakusema paje mpaka jikoni kwangu."

Tangu siku hiyo nina madaftari mawili.
La kwanza ni la Bwana Yeri.
La pili ni la kisima: tarehe, kina, ladha,
minazi mingapi, mtoto gani ameharisha,
pampu imenguruma saa ngapi.
Jumapili nilisimama kanisani nikalisoma lote,
na jina langu, na mkono wangu, nikauanika.
Mwinjilisti alikohoa.
Mzee Thoya akaniomba nirudie tarehe, polepole,
apate kuziandika kwenye kiganja.

Masika haya mvua imepiga siku tisa.
Sabaki umeteremka mwekundu, umebeba migomba ya watu.
Nilikifunga kijiti kwenye kamba ya ndoo, nikakishusha.
Mama akachota, akaonja. Nikasubiri ateme.
Akanyamaza muda mrefu, akameza,
akaenda zake kuwafungulia mbuzi.

Sikuandika ni matamu.
Niliandika tarehe, na chini yake: kifundo.