Kanzu za Pande Mbili

Katika daftari langu la deni, ukurasa wa Somoe binti Athman
umeandikwa kwa kalamu tatu za wino tofauti.
Tangu aanze kukopa, mke wangu amejifungua
na mtoto ameota meno.

Aliingia kibandani hapa Langoni, makaratasi kwapani.
"Fundi Bunu, nataka watu elfu mbili."
Nikamwambia mimi nashona nguo, watu sishoni.
Akacheka, akakaa juu ya gunia la vitambaa,
akanipigia vita vya Shela mbele ya cherehani:
huku Lamu, kule Pate na Mvita,
maji yamekupwa, vyombo vimekwama,
na walioshindwa wanaikimbilia bahari isiyokuwepo.
"Bahari isiyokuwepo," alirudia.
"Hiyo ndiyo filamu. Mengine ni gharama."

Basi gharama.
Nairobi walitaka kibali, kibali kikataka muhuri,
muhuri ukamtaka mtu aliyekuwa likizoni.
Mfadhili wa kwanza aliuliza mbona hamna Mzungu ndani yake.
Wa pili alituma nusu, kisha akatuma pole.
Bangili za mamake zilikwenda kwa sonara Mombasa
na mama hakuuliza neno,
alivuta tu mikono ya gauni, ikamfunika vifundo.

Elfu mbili wakawa mia mbili,
mia mbili wakawa arubaini na mmoja,
na hao arubaini na mmoja wakagoma Mkunguni:
wa Langoni hawakubali kushindwa, wa Mkomani hawakubali kufa.
"Mimi nife mbele ya Kupi?
Kesho sokoni nitamtazama kwa mato gani?"
Somoe akaangalia saa, akaangalia ratiba ya maji,
akanijia mbio, viatu mkononi.

Usiku ule stima ilikatika saa mbili.
Nilishona kwa taa ya simu, cherehani ya miguu,
kanzu arubaini na moja za pande mbili:
upande huu nyeupe,
upande huu nimeutia rangi ya magome ya mkandaa.
Asubuhi mtu ashinde.
Alasiri aigeuze, afe.

Nilikwenda Shela kuitazama sindano yangu ikipigana.
Walipokimbia, adhana. Walipojipanga tena, wingu.
Wingu lilipopita, punda mwenye mifuko ya simiti
akaikatiza karne nzima bila haraka.
"Kata!"
Mtu amesahau saa mkononi. "Kata!"
Mtu amekufa, kisha amejikuna. "Kata!"
Na maji, yasiyojua ratiba ya mtu, yanarudi.

Mara ya tisa Somoe alifungua kinywa, sauti haikutoka.
Akapunga mkono; hakuna aliyegeuka kumwona.
Wakakimbia wakakipita kile kijiti tulichochomeka mchangani,
wakafika kwenye tope tupu,
wakasimama, wanatazamana,
hawajui kama wamekwisha kufa.
Mpiga picha alitaka kuzima. Somoe akamshika kiwiko.

Mwezi wa pili akaniita kwake, juu ya duka la mitungi ya gesi,
kompyuta imewekwa kwenye kreti la soda.
Nikamwona Kupi mweupe akimfukuza Kupi wa kahawia,
panga juu, uso ule ule.
"Watu watajua?" akauliza.
"Mimi fundi," nikamwambia. "Mshono nitauona tu."
Akanyamaza. Akarudisha nyuma, akatazama tena wale waliosimama topeni,
akatazama tena,
mpaka betri ikaisha.

Haijakamilika. Imebaki muziki, imebaki rangi,
imebaki mtu wa Nairobi asiyepokea simu.
Kanzu zilirudi na chumvi. Nimezifua mara nne:
mkandaa umechuja, umeingia kwenye weupe,
sasa hazina nje wala ndani.

Jana Kupi amekuja kununua moja.
Nikamuuliza ataivaa upande gani.
"Wowote," akasema, akalipa taslimu.

Nimeipunguza kwenye deni la Somoe.
Zimebaki arubaini.