Fundi Amekuja Kukagua Mishono

Tiketi ni mhuri wa wino mgongoni mwa mkono.
Mhuri wenyewe unasema IMELIPWA,
Wafubwa kauazima dukani kwa babake, duka la mbolea.
Mlangoni wananiuliza, "Mama, umepotea?"
Sijapotea. Nimekuja kukagua kazi yangu.

Maana jaketi kumi na nne humu ndani
zimepita chini ya sindano yangu pale Bondeni.
Jinzi za mtumba. Waliniletea viraka vya fuvu, vya ngumi,
cha jogoo asiye na kichwa,
"Fundi, shona visitoke hata tukifa."
Nikashona mara mbili, nikaongeza zigizagi,
nikadai nusu ya pesa mbele, kwa sababu nawajua.

Ukumbi ulikuwa wa wafanyakazi wa reli.
Viti vya plastiki vimerundikwa pembeni
kama ibada iliyoahirishwa.

Bendi ya kwanza, Kutu, imetoka Kisumu:
vijana watatu, gitaa la nyuzi nne kati ya sita.
Nilidhani wanajaribu vyombo.
Kumbe ni wimbo.
Kumbe, kabla sijapata pa kuweka mkoba, ni nyimbo tatu.

Ya pili ni Sabuni ya Kipande.
Tabutany wa Kaptembwo, ambaye Alhamisi nilimpunguzia suruali,
anapiga ukelele kama mtu aliyekuta nyoka bafuni,
na katikati ya ukelele ananipungia mkono.
Nikampungia. Ningefanyaje?

Mbele ya jukwaa wakaanza kugongana.
Si kucheza, si kupigana,
ni bisi zimeshikwa na moto, kifuniko kimezuia.
Nikakagua. Bega la kushoto la Omwenga: limeshika.
Ukosi wa yule wa Flamingo: umeshika.
Binti mmoja akaanguka, na kabla sijasema Yesu
mikono sita ilikuwa imemwinua,
mmoja akamfuta miwani kwa shati,
wakamrudisha akagongwe upya.
Nimekaa kwenye chama cha akina mama miaka kumi na tisa.
Sijaona mtu akiinuliwa haraka hivyo.

Kisha Deni la Pareto, kutoka Molo,
na stima ikapotea, kama kawaida yake, bila kuaga.
Gitaa zikafa. Achola hakuziacha ngoma.
Gathoni akatupa maikrofoni akaendelea kwa koo tupu,
na hapo ndipo nikasikia maneno.
Yalikuwepo muda wote chini ya kelele
kama bitana ndani ya koti:

    magunia saba ya maua, baba,
    magunia saba na risiti,
    risiti ikaliwa na panya,
    panya akanenepa, baba,
    panya akanunua suti

Risiti hiyo naijua.
Mama yangu aliiweka kwenye Biblia,
akafa akingoja itage.

Sikumbuki nilivyofika kule mbele.
Nakumbuka kiwiko. Harufu ya gundi ya viatu.
Nakumbuka nikisema "panya!" na giza lote likisema "panya!"
na kwamba nilimgonga mtu kwa bega, kwa makusudi,
mimi, mweka hazina.

Stima iliporudi nilikuwa nimeshika mkono wa jaketi,
mkono mtupu, bila mwenyewe,
umeng'oka begani, mshono mara mbili, zigizagi na yote.

Nje, vumbi la Menengai linateremka na baridi yake.
Masikio yananililia kama cherehani isiyotiwa mafuta.
Omwenga akanifuata, bega wazi, damu kidogo kwenye jino,
anacheka: "Fundi, si ulisema haitoki?"

Nikamwambia huo uzi ni wa sare za shule.
Apite Jumatatu.
Nitatafuta ule wa kushonea magunia.