Y Inaondoka

Mwalimu Ntibashima aliandika ubaoni: imply.
Tukaitikia: implai. Chaki ikakatika.
"Ni kusema pasipo kusema. Nani atatunga sentensi?"

Darasa la jioni, Mwanga, Kigoma.
Vidole vyangu vilinuka mawese, kalamu ikateleza.
Nikamwaza mama mkwe.
Miezi mitatu niko kwake, hajatamka "ondoka";
ameuliza tu, akichambua dagaa,
"Hivi treni ya Jumanne siku hizi inatoka saa ngapi?"
Jana kanifulia kanga zote,
kazikunja, kazipanga juu ya begi.
Leo kachinja kuku, wala si sikukuu,
na firigisi kanipa mimi.

Nikanyoosha mkono, nikaisema sentensi yangu kwa kusitasita:
mama, treni, Jumanne.
Mwalimu hakucheka. Alisahihisha mwisho wa neno tu:
"Akitenda yeye, y inaondoka,
herufi nyingine zinakaa pahala pake."
Nikaandika daftarini: y inaondoka.

Nilimkuta mlangoni ameshika taa.
"Umefundishwa nini leo?"
"Kitenzi kimoja, mama."
"Umekielewa?"
Nikavua viatu, taratibu,
nikamuuliza kama nauli ya daraja la tatu imepanda.