Shahidi wa Tisa

Mashahidi walikuwa wanane. Mimi nilikuwa karani,
koplo mwenye mwandiko mzuri, kosa langu ndilo hilo.
Landrova ilikwama mara mbili kabla ya Makete,
tukaisukuma, hata Kapteni Nyabange akasukuma,
na kiwi yote ya Mbeya ikaishia matopeni.

Tulipewa darasa la nne. Ubaoni hesabu ya jana:
*Debe saba za viazi, zikaoza mbili,*
na jibu halikuwapo.
Nikatandika fomu. Umbo. Rangi. Kimo. Mwelekeo. Muda.

Ezeri Chaula, mlinzi wa tanuri la pareto:
"Kijani, kama jicho la kondoo ukilimulika tochi."
"Kimo?"
"Afande, sikuwa na ngazi."
Nikaandika: *hakijulikani.*

Lusungu, mchunga ng'ombe, miaka kumi na moja,
alisema wanyama hawakushtuka. Walicheua tu.
Ila wote, hata ndama,
walikuwa wamegeuzia vichwa upande mmoja.

Mchungaji wa kanisa alianzia kwa Ezekieli;
Kapteni akamwomba aruke mpaka saa nne usiku.

Wa nane aliingia na bakuli la viazi vya moto.
"Kuleni kwanza, wanangu. Karatasi haikimbii."
Bi Melea Sanga. Hakungoja kuulizwa.
"Obadi wangu alikwenda Kagera na kombati kama zenu.
Ikaja barua. Mwili haukuja.
Juzi taa iliposimama juu ya bonde
nilitoka na blanketi, nikakaa kwenye matuta.
Nilisema, hao sasa wanamleta.
Miaka yote hii hakuna aliyepanda mlima huu kuniuliza neno.
Leo mmekuja sita, na gari,
kuuliza habari za taa."

Nilimtazama Kapteni. Kapteni alitazama kiazi.
Kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha hayo.

Usiku tulilala Kitulo, kama kule ni kulala.
Sakitu iliyakaza majani, ukikanyaga yanavunjika kama chupa.
Saa tisa kasoro nilikuwa zamu.
Sitasema ilitokea; niseme ilikuwapo,
kama mtu unayemkuta tayari ameketi sebuleni.
Nilikuwa na kalamu. Wino uliganda.
Nikasikia hatua, Kapteni, soksi bila viatu,
akasimama kando yangu, akavua kofia.
Hakutoa amri. Dakika saba.
Pumzi zetu zilipanda mbili mbili, zikachanganyika.

Asubuhi akasema bila kugeuka:
"Andika, mawingu yaliyomulikwa na mwezi."
Mwezi ulikuwa umezama tangu saa mbili. Wingu, hata la kufutia kamasi.
Nikaandika, mwandiko mzuri,
nikagonga muhuri: SIRI.

Tukishuka, alimwamuru dereva asimame penye ua wa matete.
Mlango mfupi; aliinama kuingia,
akakaa humo muda wa kumenya viazi vitatu.
Alipotoka suruali ilikuwa na vumbi magotini.
Hakuna aliyemuuliza. Gia ya kwanza, ya pili,
mteremko wote hadi Isyonje
hakuna aliyepiga hata mluzi.

Sasa nimestaafu, ninauza misumari Uyole.
Mwandiko umeharibika, mkono unatetemeka,
kwa hiyo naweza kusema kweli:
Rangi, Ezeri alikuwa sahihi.
Muda, nimeshasema.
Mwelekeo, waulizeni ng'ombe.