Pembembili

Jumatano usiku, stima imepotea tangu magharibi,
Syombua akaniamsha na daftari lake la hesabu.
"Mama, Mwalimu Omwoyo anataka majina.
Pande tatu?" Pembetatu.
"Nne?" Pembenne, nikasema, jicho moja bado limefumba,
ila uangalie: zikilingana na kona zikisimama wima, ni mraba;
ukirefuka kama ploti za Njiru, mstatili.

Shule niliiachia darasa la sita.
Jiometri nilifunzwa na mkasi wa bati
kule Kamukunji, katikati ya nyundo elfu,
Fundi Ndolo akinirushia misumari
kila nilipokata pembe butu mahali pa pembemraba.
Sanduku moja la mtoto wa bweni: mistatili sita,
bawaba mbili, komeo,
na rangi ya bluu isiyokauka mvua ikija.
Nati ni pembesita. Hilo sikulisoma popote.
Nililijua kwa kiganja, gizani, nati ikianguka
na kukataa kubingirika mbali.

"Saba?" Pembesaba.
"Mbona jina linahesabu pembe
na swali linauliza pande?"

Nikakaa kitako. Sikuwa nimewaza.
Labda waliotunga waliona pembe kwanza,
kama ng'ombe aingiapo zizini, pembe hutangulia mbavu.
Labda ni kwamba ukuta haukuumizi, mwanangu, kona ndiyo huumiza,
uliza goti langu.

Akacheka. Akaandika. Akatafuna penseli.
"Pembenane, pembetisa, pembekumi. Hadi wapi?"
Hadi uchoke. Ongeza, na kila upande utafupika,
hadi kona zote zilale na wewe useme duara,
kama mdomo wa jiko ninaoukunja kwa mapigo mia mbili,
kila pigo upande wake,
na hakuna mteja aliyewahi kuzihesabu.

Kisha, bila kuinua kichwa:
"Na mbili?"

Nje, mbwa wa landilodi. Mshumaa ukakohoa.
Mwaka jana mwezi wa saba tulikuwa watatu humu chumbani.

Nikatoa njiti mbili za kiberiti,
nikazilaza sakafuni: huku zimegusana, huku pamebaki wazi.
Nikazigeuza. Pakabaki wazi kwingine.
Mbili hazifungi, nikamwambia. Mbili hazina jina.
Hata mafiga ni matatu.

Akazitazama kitambo,
akaiburuta rula yake iliyovunjikia sentimita ishirini na mbili,
akaiweka penye mwanya. Ilizidi kwa mbali,
ikatokeza huku na huku kama mbao za paa lisilokwisha.
"Basi tutaazima," akasema,
akapuliza mshumaa.

Ijumaa daftari lilirudi.
Chini ya pembekumi, kwa wino, si penseli, ameandika:
*Pembembili: bado haijafungwa.*
Kando yake mwalimu ametia mkasi mwekundu.

Mimi nashinda na mkasi mkononi.
Haunitishi.