Supu ya Tarehe Mosi

Wiki ya kwanza nilikula wali mtupu.
Wali wenyewe haukunitii: unagandana,
hauna chumvi, hauna nazi, hauna hata hiliki ya kusingiziwa.
Nikautazama kama mtu amtazamavyo mgeni
aliyekaa kwenye kiti cha baba yake.

Kambi ya Wakorea, Duqm. Jangwa nyuma, mabomba mbele,
wachomeleaji mia tatu na ukumbi mmoja wa kulia.
Kila meza ina bakuli la kabeji nyekundu.
Harufu yake ilinipokea mlangoni.
Nikasema: kitu hiki kimeoza, na wanajua kimeoza,
na wanakichekea.

Bwana Nasor wa ghalani, Mwomani ambaye bibi yake ni wa Wete,
na Kiswahili chake kimekolea kuliko changu,
akaniambia, "Shaame, mie hapa mwaka wa nne.
Nala mkate wangu na tuna wa kopo. We fanya utakavyo."

Vijiti vya chuma vilinishinda.
Mimi ninayeunga bomba kwa moto, mshono usiopitisha pumzi,
nilishindwa kuinua kipande cha figili.
Kikaanguka mara tatu. Mara ya nne nikatia mkono.

Mpishi aliona. Anaitwa Bi Malsuni, kimo cha mtungi wa gesi.
Kiarabu chake chote ni neno moja,
nalo alijifunza kwa ajili yetu:
nikisogelea sufuria fulani anagonga mfuniko kwa mwiko,
"Haramu!" anapiga kelele, "Haramu!"
na ukumbi mzima unageuka kunitazama kama mwizi.
Kisha ananisukumia samaki.

Ulimi ni mkaidi, lakini njaa ina subira kuliko ulimi.
Mwezi wa pili nikaionja ile kabeji.
Ikanipiga puani, ikanitoa chozi,
na ndani ya chozi nikaiona achari ya mama,
ndimu chupani, chupa juu ya bati, siku arubaini za jua.
Ile je, tuliiitaje? Hatukusema imeoza.
Tulisema imekuwa tayari.

Pasipoti yangu inasema nilizaliwa Januari mosi.
Si kweli. Mama anasema ilikuwa bamvua, vuli inanyesha,
mkunga amechelewa. Karani alitaka tarehe,
akaniandikia iliyokuwa karibu na kalamu yake.
Hapa kambini tumezaliwa wengi siku hiyo:
mimi, Wabangali saba, na Msudani wa kreni.

Asubuhi hiyo Bi Malsuni akatuita kwa orodha ya ofisini.
Mabakuli tisa. Supu ya kijani kizito, inateleza.
Niliijua kabla ya kijiko.

Mwani.

Si ule wetu wa Kiuyu, huu una jani pana,
lakini harufu ni ile ile ya magunia barazani,
ya kanga ya mama akirudi maji yakijaa,
vidole vimekunjamana, kiuno kimegoma.
Miaka ishirini alifunga mwani kwenye kamba,
kilo kwa bei isiyofika kipande cha sabuni,
ukapanda meli, na hakuna aliyetuambia unaliwa.
Tulidhani ni mambo ya viwanda, ya dawa ya meno.

Injinia Taehuni akataka kutueleza, akaiachia simu yake iseme.
Simu ikasema, kwa Kiswahili chake cha bati:
"Mwanamke amezaa, anakunywa. Mtoto siku yake, anakunywa.
Anakumbuka mama maumivu."
Sarufi ilivunjika. Maana ilifika nzima.

Nikanywa. Wabangali wakanywa. Msudani akaomba pilipili.
Tarehe ilikuwa ya uongo, na koo langu
lilikuwa limekaba kweli kweli.

Usiku nikampigia. Nikamwambia, mama, leo nimekula mwani.
Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani aliyekosea saa.
Kisha akauliza, kama mtu aliyeudhika kidogo:
"Waliutia nazi?"