Mshono wa Mapema

Saa tisa usiku, sikio la kushoto juu ya mto,
niliusikia moyo unashona: tu, tu, tu,
tu-tu,
kisha kimya.
Kimya cha mtu aliyesimama mlangoni
akasahau alichokijia.
Halafu: DU,
kama gunia la viazi lililotuliwa ghalani.

Nikaketi. Nikawasha taa.
Nje theluji iliendelea na kazi yake
bila kunijulia hali.
Mwaka wa nane huu tangu Veikko aanguke uani,
koleo la theluji mkononi, moyo ndio uliomwangusha;
kwa hiyo msiniambie nisiogope.
Kichwani nilikwisha kuitoa kabatini ile nguo ya kijivu,
ninayoijua pindo kwa pindo.

Wiki tatu nilihesabu.
Katika basi la kwenda Mikkeli nilijishika kifundo cha mkono
kama mtu anayejizuia asiibe.
Nilihesabu nikikoroga uji, nilihesabu kahawa ikichemka,
na kadiri nilivyohesabu ndivyo yalivyozidi,
kama watoto wakijua wanatazamwa.

Daktari Vuorela, kijana wa soksi zisizofanana,
alinibandika nyaya kifuani kwa siku moja na usiku wake,
akanipa daftari: andika ufanyacho, andika usikiacho.
Nikaandika.
Saa nne asubuhi, natia uzi sindanoni. Shwari.
Saa kumi, nimepanda ghorofa nne na makopo mawili ya rangi. Shwari.
Saa tatu usiku, nimekaa, sifanyi lolote: tu-tu, kimya, DU.
Nilidhani nimeandika mashtaka.
Yeye aliyasoma kama hati ya kuachiliwa.

Akatandaza mezani karatasi ndefu kama tepu yangu ya kupimia.
"Tazama hapa, Terttu. Hakuna mshono ulioruka."
Nami, fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja,
nikavaa miwani ya karibu, nikainama.
Kweli.
Haukuruka. Umekuja mapema, mdogo, umejibana kwa jirani yake,
sindano imeshuka kabla kitambaa hakijasogea;
kisha moyo ukangoja zamu yake,
na katika kungoja ukajaa,
ndipo pigo lililofuata likawa zito.
Kile nilichokiita kifo kinabisha hodi
kilikuwa moyo uliojaa, unatua mzigo.

Alinipima pia kwa mawimbi ya sauti:
kuta nzima, milango inafunga.
Hakunibembeleza. Ukizimia, akasema,
ukibanwa kifua, pumzi ikikukatikia njiani,
usingoje kupambazuke, piga simu.
Lakini hili linalokuja umetulia na kukukimbia ukitembea,
wanalo wengi, na wengi wao hawalisikii.

"Na wewe je?" nikamwuliza.
Akaninyoshea mkono. Nikaushika, yeye akipumua polepole.
Alipovuta pumzi mapigo yaliharakisha,
alipoishusha yakalegea,
akatabasamu kama aliyekamatwa.
Na huo, akasema, ni moyo mzima wa kijana.

Jioni niliteremka ziwani.
Baridi ilikuwa imekaza ghafla, na barafu ikaanza:
mngurumo chini kwa chini, mlio mrefu mwembamba,
kishindo kilichokimbia hadi ng'ambo kwenye misonobari.
Mgeni angetimua mbio.
Mimi nilizaliwa hapa. Kabla sijajua kusoma, baba alinifundisha:
ya kuogopwa ni barafu ya mwezi wa nne, iliyooza, isiyosema kitu;
hii inanguruma kwa kukaza.
Miaka sitini nimekuwa na elimu hiyo sikioni
nikaitumia kwa ziwa tu.

Sijaacha kusikia. Hata jana usiku:
tu-tu.
Kimya.
Zamani ndani ya kimya kile nilimaliza mazishi, wimbo na kahawa ya wageni.
Sasa kinanitosha kugeuza mto
upande wenye ubaridi.
DU.

Haya. Umefika.